Mbwa Yule Alikuwa Wangu

Mbwa aliyemwangusha mwendesha baiskeli pale Usagara, siku ya mbio za kutoka Shinyanga kwenda Mwanza, alikuwa wangu. Alikuwa amechanjwa. Kadi yake ya chanjo ilikuwa kwenye droo ya meza yangu, nyumbani, mwendo mfupi tu kutoka barabarani. Muuguzi aliuliza mwenye mbwa ni nani, nami nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwake, nikanyamaza. Mtoto aliponiuliza waziwazi mbele ya watu, nikakana. Naandika kwa sababu aliyeumia ameniomba niandike, na kwa sababu wako watu Usagara wanaosimulia hadi leo kwamba siku ile alipita mbwa mwenye kichaa. Chui, ndilo jina lake, hakuwa na kichaa.

Kwa asiyeijua Usagara, ni pale barabara ya Shinyanga inapokutana na ile ya Kigongo, Sengerema na Geita. Miaka hiyo daraja la Kigongo–Busisi halikuwepo. Lilikuja kuzinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Magari yalivuka ziwa kwa kivuko, na wasafiri wa kwenda ng'ambo walisimama kwetu kununua mahindi ya kuchoma, machungwa na samaki wa kukaanga. Tulikuwa mji mdogo wa njia panda, na karibu kila aliyepita alikuwa anakwenda kwingine. Ndiyo maana siku ya mbio ilikuwa sikukuu. Watu walitoka tangu asubuhi, akina mama na watoto mgongoni, wazee na viti vyao, wote wakiangalia upande wa Misungwi.

Huku Kanda ya Ziwa baiskeli ilikuwa kazi kabla ya kuwa mchezo. Imebeba mkaa, madumu ya maziwa, magunia ya mpunga, hata wagonjwa. Shinyanga mjini ilibeba abiria kabla ya bodaboda kuenea. Kijana aliyekua akipandisha gunia kwenye kilima cha changarawe, ukimpa baiskeli tupu na lami, hutamshika. Wengi wanaikumbuka Vodacom Mwanza Cycle Challenge, iliyowakusanya wanaume, wanawake na watu wenye ulemavu, kila kundi na mbio zake. Mbio ninazozisimulia zilikuwa ndogo kuliko hizo, lakini njia ilikuwa ile ile ngumu: Maganzo, Mwigumbi, Hungumalwa, Mabuki, Misungwi, kisha kwetu. Ukishapita Usagara umebakiza kilomita ishirini na kitu. Unashuka Buhongwa, Nyegezi, Mkuyuni, unaanza kuyaona mawe na ziwa, na huko ndiko mshindi hupatikana. Mtu akifika Usagara akiwa kwenye kundi la mbele, ana haki ya kuhesabu zawadi kichwani.

Jana yake gari la matangazo lilipita. Nilisikia kila neno, kwa sababu nilikuwa nasahihisha madaftari barazani. Walisema tufunge ng'ombe, mbuzi na mbwa mpaka msafara wote upite. Na mimi nilikuwa na sababu kuliko jirani yeyote ya kutii, maana Chui alikuwa na tabia moja mbaya: alifukuza baiskeli. Pikipiki hakuijali, gari hakulijali, lakini akisikia mlio wa cheni alitoka mbio. Muuza maziwa alinilalamikia mara nyingi, nami kila mara nilimwambia kwamba haumi, anacheza tu.

Kamba ya kumfungia ilikuwepo. Asubuhi ile niliitumia kufunga mzigo wa kuni kwenye keria ya baiskeli yangu, nikauacha mzigo hivyo hivyo ukutani, nikaenda kuangalia mbio. Nilimwona Chui amelala chini ya mwembe. Nilijiambia amelala.

Kundi la mbele lilifika likiwa na watu wachache, wameinama, jasho linadondoka kwenye pua. Wengine walikuwa na baiskeli za mashindano. Kijana mmoja alikuwa na baiskeli ya kawaida, ya chuma, aliyoivua keria, madigadi na kengele ili iwe nyepesi, na alikuwa sambamba na wenye gia. Watu walimshangilia yeye kuliko wote. Wanawake walipiga vigelegele. Chui alitokea katikati ya miguu ya watu, upande wangu wa barabara.

Hakumkamata mtu. Aliingia kwenye gurudumu la mbele la yule kijana. Nilisikia spoku zikikatika. Kijana aliruka juu ya usukani akaangukia bega, na baiskeli ikamlalia Chui, mguu wake wa mbele umenasa kati ya spoku na uma. Mbwa akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Na hapa pana jambo ambalo nataka wote walielewe. Yule kijana, damu inamtoka begani, mbio zinamkimbia, alirudi kwa magoti kumtoa mbwa kwenye gurudumu. Chui, kwa maumivu, akamuuma kiganja cha kulia.

Mtu akapiga kelele, "Kichaa! Mbwa wa kichaa!" Mdomo wa Chui ulikuwa na damu na mate, kama utakavyokuwa mdomo wa mnyama yeyote aliyevunjika mguu na kugonga lami. Watu wakarudi nyuma, kisha wakaanza kuokota mawe.

Muuguzi aliyekuwa kwenye gari la msafara alishuka haraka. Alikuwa dada mdogo wa umri lakini anaijua kazi yake. Aliomba maji na sabuni, akakishika kiganja cha kijana, akauliza kwa sauti, "Mwenye mbwa yupo? Mbwa amechanjwa?" Hakuna aliyejibu. Akauliza tena. Akasema, "Msimuue. Mfungeni, aangaliwe siku kumi. Mwenyewe ni nani?"

Pembeni yangu alisimama mwanafunzi wangu wa darasa la nne. Kwao na kwangu palitenganishwa na uzio wa minyaa tu, na Chui alimjua kuliko alivyonijua mimi. Aliniangalia akasema, "Mwalimu, si Chui huyu?" Hakusema kwa sauti kubwa, lakini watu walisikia, nyuso zikanigeukia.

Nikasema, "Hapana. Wamefanana."

Mtoto akanyamaza. Vijana wakamaliza walichokuwa wanataka kufanya, kwa mawe na kwa mwiko wa ugali uliotolewa kwenye kibanda cha mama lishe. Nilisimama nikaangalia hadi mwisho. Kijana wa baiskeli aliingizwa kwenye gari, na baiskeli yake ikapakiwa juu ikiwa na gurudumu lililokunjika.

Nilikuwa naogopa nini? Nimejiuliza sana na jibu ni dogo. Niliogopa kulipa baiskeli. Niliogopa wale vijana wenye mawe. Lakini zaidi ya hayo niliona aibu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa sayansi, na kila wataalamu wa mifugo walipokuja kuchanja mbwa kwenye uwanja wa shule, mimi ndiye niliyewatangazia watoto, mimi ndiye niliyeandika orodha ya wenye mbwa. Kila mwaka, inapokaribia tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, nilisimama mbele ya mstari asubuhi nikawaeleza watoto kwamba karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu wameupata kwa mbwa, na kwamba dalili zikishamtokea mtu hakuna tiba ya kutegemea. Niliwaambia kwamba tukichanja mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa unakosa njia. Niliwaambia pia kwamba mwenye mbwa ndiye daktari wa kwanza wa aliyeumwa, kwa sababu yeye anajua kama mbwa amechanjwa na anaweza kumfunga aangaliwe. Mbwa anayeambukiza kwa mate yake hapiti siku kumi bila kuugua na kufa. Akibaki mzima siku hizo, aliyeumwa anapumua. Nililijua somo lote hilo siku ile pale barabarani. Neno langu moja lingemfunga Chui kwenye mti badala ya kumuua, na lingempa yule kijana jambo la kushika.

Ajali ya mbwa na baiskeli inatokea hata kwa wakubwa. Katika Tour de France ya mwaka 2007 Marcus Burghardt wa Ujerumani aligonga labrador aliyekuwa anavuka barabara taratibu, gurudumu lake la mbele likakunjika. Siku chache baadaye, katika mashindano hayo hayo, Sandy Casar wa Ufaransa akaangushwa na mbwa mwingine, akainuka, akashinda hatua hiyo mjini Angoulême. Kwa muda mrefu nilijifariji na habari hizo. Nilisema ni ajali, ajali hazina mwenyewe. Lakini kosa ninalolikiri halikuwa kuanguka kwa baiskeli. Kamba niliyofungia kuni ni uzembe, nao ningeweza kusamehewa siku ile ile.

Na bado sijafika kwenye baya zaidi.

Wiki iliyofuata alikuja shuleni mtu mzima kidogo kuliko yule kijana. Alinisalimia, "Ng'wangaluka, mwalimu," kwa heshima, kofia mkononi. Alikuwa kaka yake. Alitoka Maganzo kwa basi la alfajiri. Hospitali ya kwanza waliyokwenda haikuwa na chanjo, wakaelekezwa nyingine mjini Mwanza, na huko walianza sindano, ambazo huchomwa kwa tarehe zilizopangwa, na kila tarehe ina nauli yake, chakula chake na malipo yake. Aliambiwa mjini kwetu kwamba mwalimu wa sayansi ana orodha ya mbwa wote waliochanjwa. Alikuwa anaomba kitu kimoja tu: tuangalie pamoja kama yupo mbwa mwenye mabaka kama ya chui, mwenyewe nani. "Hatutaki kumshtaki mtu, mwalimu," alisema. "Tunataka kujua tu kama alichanjwa. Mdogo wangu halali."

Nakala ya orodha ilikuwa kwenye kabati nyuma yangu. Jina langu lilikuwa juu kabisa, kwa sababu mwandishi ndiye aliyejiandika wa kwanza, na mbele yake limeandikwa Chui, dume, mabaka. Nikamwambia orodha imepelekwa wilayani. Nikamwambia pia, ili aondoke, kwamba mbwa wanaozurura sokoni wengi hawana wenyewe. Alinishukuru. Alinishukuru kwa muda niliompa, akavaa kofia yake, akaenda kusimama kituoni.

Barabarani nilikuwa na woga wa ghafla, na woga wa ghafla unaeleweka. Ofisini nilikuwa nimekaa kwenye kiti, hakuna mwenye jiwe, hakuna umati, kuna mtu mmoja mnyonge anayeomba habari ambayo ingemgharimu mwalimu fedheha kidogo na kumrudishia mgonjwa usingizi. Nilikuwa na muda wa kufikiri, nikafikiri, nikachagua uongo.

Baada ya kustaafu nilipata nafasi ya kusoma vitu ambavyo zamani nilivipitia juu juu, na nikakutana na habari za mbio za Iditarod za Alaska, Marekani. Huko mbwa ndio wakimbiaji. Tangu mwaka 1973, kila Machi, watu huendesha sleji inayokokotwa na kundi la mbwa juu ya theluji, umbali wa kilomita zipatazo 1,600, kutoka upande wa Anchorage hadi mji wa Nome ulio pwani. Njia inapita kwenye vijiji na miji midogo sana, mingine haina hata barabara ya kuifikia. Msafara ukifika kijijini, watu hutoka kuwapokea kama tulivyotoka Usagara. Niliyasoma hayo kwa raha mpaka nilipofika kwenye utaratibu wa kutunza wale mbwa. Hakuna mbwa anayeanza mbio bila chanjo, ile ya kichaa ikiwemo. Kila mmoja ana alama yake ya kumtambulisha chini ya ngozi. Mwendesha sleji hubeba daftari la afya ya mbwa wake na kulionyesha kwa madaktari wa mifugo kituo kwa kituo. Mbwa akichoka au akiumia hubaki kituoni mikononi mwa madaktari, na baadaye husafirishwa kwa ndege kurudishwa kwa mwenyewe. Katika kundi la mamia ya mbwa, hakuna hata mmoja unayeweza kuuliza wa nani ukakosa jibu.

Mji huo wa Nome una historia yake na mbwa. Majira ya baridi ya mwaka 1925 ulipatwa na dondakoo, dawa ikawa mbali, barafu imefunga bahari. Waendesha sleji wapatao ishirini walipokezana, na mbwa wapatao mia moja na hamsini, wakaifikisha dawa baada ya safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kwa siku tano na nusu hivi. Leonhard Seppala na mbwa wake Togo walikata kipande kirefu kuliko wote. Gunnar Kaasen na Balto ndio walioingia nayo mjini. Zaidi ya miaka mia imepita, majina ya mbwa wale yanajulikana na ya waliokuwa nao yanajulikana. Nilifunga kitabu. Wangu alikufa mbele yangu na jina lake nililikana, na dawa aliyoihitaji mtu ilikuwa karatasi iliyokuwa kwenye droo yangu.

Nikaenda Maganzo. Kumpata hakukuwa kazi. Pale kila mtu anamjua fundi baiskeli mwenye kovu la kiganja. Alinisalimia, "Shikamoo," nikaitikia huku naona haya kuitikia. Nikampa kadi ya chanjo, ambayo sikuwahi kuitupa, nikamweleza yote, la barabarani na la ofisini. Aliisoma kadi pole pole, akaangalia tarehe ya chanjo, akaiweka juu ya boksi la spana.

Aliniambia aliuza ile baiskeli, au tuseme kilichobaki, ili amalize sindano. Hakuingia tena kwenye mbio. Lakini hilo hakulisema kwa uchungu. Kilichomtesa ni maji. Alikuwa amesikia, kama watu wote, kwamba mwenye kichaa cha mbwa akifika mwisho hushindwa kunywa maji, koo linakaza akiyaona tu. Na alikuwa amesikia kwamba ugonjwa unaweza kujificha miezi mingi. Basi kila asubuhi, kabla ya kuongea na mtu, alichota kikombe cha maji mtungini akanywa, kujipima. Mkewe alidhani ni dawa ya kienyeji. Sindano alikuwa amezimaliza, daktari alimwambia yuko salama, na bado alikunywa kile kikombe kwa hofu, asubuhi baada ya asubuhi, mwaka ukapinda. "Ningekuwa na hii," alisema akiigusa kadi, "ningelala."

Nilikuwa nimekwenda na pesa. Alizipokea, akasema baiskeli ilikuwa yake na ana haki ya kulipwa. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi umeshaniambia. Sasa uwaambie waliokuwepo. Na yule mtoto."

Yule mtoto ni mtu mzima sasa. Nilimkuta Igombe, ufukweni, anapanga nyavu na wenzake baada ya kurudi ziwani. Nilimwambia kwamba mbwa wa siku ile alikuwa Chui. Alisema, "Nilijua, mwalimu. Chui alikuwa ananilamba miguu kila siku. Ila uliposema si yeye, nikadhani walimu mna sababu zenu." Akaendelea kupanga nyavu. Miaka yote hiyo alikuwa ameibeba siri yangu bila kuombwa, kwa kunitii. Nimefundisha watoto wengi kusoma na kuhesabu. Huyu nilimfundisha kwamba mkubwa akisema uongo mbele ya watu, mdogo anyamaze, na hilo sijui nitalifuta vipi.

Waliokuwepo Usagara siku ile, naomba mwache kusema kijana aliumwa na mbwa mwenye kichaa. Aliumwa na mbwa wa mwalimu, mbwa mzima, aliyechanjwa, ambaye mwenyewe alimkana. Na kwa yeyote mwenye mbwa, Mwanza au popote: mbwa wako akimuuma mtu, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 bila kupunguza, na mtu huyo afike hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa asiuawe, afungwe aangaliwe siku kumi. Nenda hospitali pamoja na aliyeumwa, na kadi ya chanjo uwe nayo mkononi.